Mwaka Niliomtaja Mpishi

Katika mazishi ya mwanangu Lusajo, mwezi uliopita, alisimama mzee mmoja aliyesoma naye shule ya kati, akavaa miwani, akasoma wasifu kwenye karatasi. Alisema marehemu alikuwa mtu mnyoofu, na kwamba unyoofu ule aliupata kwa mama aliyemlea, mama ambaye hakumzaa lakini alimshika mkono siku ya aibu yake na kumrudisha shuleni. Watu wakageuka kunitazama. Wanawake niliokaa nao mkekani wakanipapasa magoti. Mimi nikahisi mate yamenijaa mdomoni, yale mate ya mtu anayekaribia kutapika, nikajikongoja mpaka nyuma ya nyumba, penye migomba, nikatema. Mjukuu akaja mbio na kikombe cha maji, akidhani ni uchungu wa msiba. Nikanywa. Sikumwambia kwamba machozi yangu niliyamaliza hospitali, kando ya kitanda, na kwamba kilichonipata pale mkekani kilikuwa kinyaa. Kinyaa hicho na mimi tunafahamiana. Kilinianza nikiwa na miaka ishirini na minne, katika mwaka mmoja wa hamsini na kitu, na sasa nakiandika kwa sababu wote waliokuwamo wameshakwenda, na aliyebaki ndiye mwenye kosa.

Siandiki habari za kwetu wala za ndoa yangu. Inatosha mtu ajue kwamba niliolewa Mbeya na seremala aliyefiwa na mke, kwamba mwanawe wa pekee alikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoingia nyumba ile, na mimi ishirini na mmoja, na kwamba kwa miaka mitatu nilimpikia, nikamfulia, nikamshonea mashati ya shule, huku kila nilichomfanyia kikipimwa na majirani. Mtoto akikonda, umemnyima. Akinenepa, umemfanyia dawa asahau mama yake. Nilijua hivyo, na ndiyo maana walipokuja wageni nilimtengea minofu mizuri mbele yao, nikasema kwa sauti, "Kula, mwanangu," ili waone. Tulipokuwa peke yetu sikusema. Nadhani yeye alizitambua siku za minofu na siku za mchuzi, lakini hakunionyesha usoni.

Barua ilikuja mwezi wa tatu, wakati wa mvua, tukiwa mezani tunakula ndizi na maharage. Mume wangu aliifuta mikono yenye vumbi la mbao, akaifungua kwa kisu cha kulia, akaisoma kwa sauti kama alivyosoma matangazo kanisani, maana alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa na sauti nyingine ya kusomea. Shule ya misheni, upande wa Iringa, ilimjulisha kwamba mwanawe, wa darasa la nane, alikutwa na bangi ndani ya sanduku lake bwenini. Alikuwa amechapwa viboko sita mbele ya shule nzima na kusimamishwa masomo. Mzazi afike. Zikipita siku kumi, jina lake litafutwa. Kila mtu enzi zile alijua kufutwa maana yake nini. Aliyefutwa darasa la nane hakufanya mtihani, wala hakukuwa na shule nyingine ya kumpokea. Alirudi kushika jembe, au randa, kama baba yake, na baba yake alikuwa akisema kila siku kwamba randa imemla mgongo na haitamla mwanawe.

"Bangi," alisema, akaiweka barua juu ya meza, pembeni mwa bakuli la maharage. "Mtoto wa mzee wa kanisa." Kisha akavuta bakuli, akaendelea kula. Nakumbuka jinsi alivyotafuna, taratibu, bila kuacha hata ndizi moja. "Utakwenda wewe."

"Mimi? Baba Lusajo, wanamtaka mzazi."

"Si unaitwa mama? Au unaitwa mama wakati wa kugawa nyama tu?"

Nilichukua vyombo nikaenda navyo jikoni. Jikoni kwetu kulikuwa na kichanja juu ya moto, pale tulipokaushia mahindi ya mbegu, na kwenye mti wa kichanja nilikuwa nimening'iniza vifungu vitatu vya majani makavu. Mama mmoja wa mlimani, aliyetuletea kuni, ndiye aliyenipa. Kuku wakianza kusinzia na kuharisha kijani, unatwanga kidogo, unawawekea kwenye maji ya kunywa. Karibu kila jiko la mtaani kwetu lilikuwa nayo. Tuliiita dawa ya kuku, na mke wa mchungaji mwenyewe alikuwa ameniomba mara mbili. Hakuna aliyelitamka jina lake lile jingine, na mimi, nasema kweli ya Mungu, nilikuwa nimefika mahali pa kutolifikiria kabisa. Niliinua macho. Vilikuwa viwili. Kulikuwa na utepe mtupu unaoning'inia, utepe wa kanga yangu ya zamani nyekundu yenye madoa meupe niliyoichana kufungia. Nikavishusha viwili vilivyobaki, nikavitia motoni, nikafunga mlango. Moshi ule ulikuwa mzito, mtamu, unakaba. Nilikaa ndani yake nikikohoa mpaka majani yakaisha, machozi na kamasi vikinitoka, nikijipangusa kwa pindo la kanga, na jambo la kwanza nililowaza halikuwa mtoto kuchapwa. Niliwaza kwamba watasema mama wa kambo alimpa.

Kesho yake asubuhi bombani habari zilikuwa zimeshafika, nikasikia sauti za wanawake kabla hawajaniona.

"Mimi nasema kambo ni kambo."

"Lakini anampenda bwana. Si unaona anavyomshonea?"

"Kushona! Hata sanda inashonwa." Wakacheka. "Mtoto alikuwa malaika mama yake akiwa hai. Leo anavuta bangi. Nani anampikia?"

Nilikohoa. Wakanyamaza, kisha yule aliyetaja sanda akanipisha kwenye foleni, akanitwisha ndoo kwa mikono yake miwili, akisema kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, "Pole, mama, pole sana, ndaga." Maji yalinimwagikia shingoni, nikasema asante.

Basi la Iringa liliondoka na mvua. Chimala tulishuka kula, na pale kwenye meza ndefu, juu ya sahani za wali, mfanyabiashara mmoja wa mchele aliyekuwa na meno ya dhahabu alikuwa akimweleza kila mtu kwamba elimu ndiyo inayoharibu vijana. "Unampeleka mtoto akasome Kiingereza, anarudi anavuta sigara. Ukimwongeza darasa, anavuta kingine!" Watu wakacheka, punje za wali zikimtoka mdomoni na kutua kwenye kitambaa cha meza. Mama mmoja mnene akamjibu, "Na wewe ulisoma wapi, baba, mbona unavuta na hujui kuandika jina lako?" Wakacheka zaidi. Mimi pia nilicheka. Nilicheka ili mtu asiniulize naenda Iringa kufanya nini, nikamaliza wali.

Shule ilikuwa kabla ya kufika Iringa mjini, umbali kidogo kutoka njia kuu, mabweni manne ya matofali na kanisa. Nilifika nimelowa. Hakuna aliyenijali mpaka mzee mmoja alipotoka jikoni, mrefu, amefunga gunia kiunoni, kiko mdomoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba."

"Wewe ni wa Lusajo. Anakutegemea tangu juzi." Akaniingiza jikoni kwake, penye masufuria makubwa kama mapipa, akanipa uji wa moto na koti lake nijifunike. Alikuwa Mzee Kihwele, mpishi. Aliongea huku anakoroga, bila kunitazama, kama watu wa kazi wanavyoongea. "Mtoto wako mzuri. Ananisaidia kusugua masufuria, nampa ukoko. Anakula ukoko kama panya! Hili jambo la majani, ah, vijana. Walidanganyana kwamba ukivuta, hesabu zinaingia kichwani. Viboko vinatosha. Lakini siku hizi hapa kuna ukali mwingi." Akachomoa kiko, akagonga majivu. "Ukali wa upande mmoja. Mwezi uliopita nilimwambia Mchungaji kwamba unga wa watoto unatoka kwa mlango wa nyuma kwenda nyumba za walimu. Tangu siku hiyo Mwalimu Mkuu hanisalimii. Ongeza uji?"

Nikaongeza uji.

Mwalimu Mkuu alinipokea saa nne asubuhi iliyofuata. Ulikuwa msimu wa ulanzi. Mianzi yote ya nchi ile ilikuwa imekatwa vichwa na kuwekewa vyombo vya kukingia pombe yake, na harufu yake ya uchachu ilikuwa njiani, nyumbani, kwenye nguo za watu. Juu ya dirisha la ofisi kulikuwa na mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kunywea, kimejaa povu, na ndani ya povu kulikuwa na nzi wanne au watano. Aliwapuliza pembeni, akanywa, akapangusa masharubu, akaniambia kwamba ulevi ni mlango wa jehanamu. Alisema hivyo bila haya yoyote, macho yake yakiwa mekundu. Barazani walimu wawili walikuwa wanachekana kwa sauti ya watu walioanza kunywa mapema. Ulanzi haukuwa ulevi, ulikuwa desturi. Wazee wa kanisa waliunywa, karani aliunywa, na aliyemshikia mwanangu miguu wakati wa viboko, nilikuja kuambiwa, alikuwa anayumba. Mwalimu Mkuu alikuwa na tabia ya kumeza mate kabla ya kila sentensi, nikawa namtazama koo, siwezi kuondoa macho.

"Mimi nataka jina," alisema. "Mchungaji anataka jina. Nitamwambia nini? Kwamba bangi imeota ndani ya sanduku la bati?" Akacheka peke yake. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kifungu, akakirusha juu ya meza mbele yangu. Kilikuwa kimepungua nusu. Utepe ulikuwa mwekundu, wenye madoa meupe.

Nilikuwa nimevaa kanga mpya, Mungu anisamehe, hicho ndicho nilichoshukuru.

"Mtoto amekaza mdomo. Akitaja aliyempa, Jumapili atarudi kundini, Jumatatu ataingia darasani. Asipotaja, namfuta." Akameza mate. "Mimi nina mtu wangu ninayemshuku, hapo jikoni. Si Mkristo. Kiko hakitoki mdomoni tangu alfajiri. Lakini sitaki kukutia maneno, mama. Nenda ukaongee na mwanao."

Walikuwa wamemweka kwenye stoo ya chakula, alale juu ya magunia ya maharage. Nilipofungua mlango harufu ya panya na ya mtu asiyeoga ilinipiga usoni. Alisimama. Alikuwa amerefuka tangu Krismasi, ndevu mbili tatu kidevuni, midomo imepasuka, na alisimama kwa kuegemea upande kwa sababu ya majeraha. Fukusi walikuwa wakitembea kwenye mikono ya shati lake, shati nililolishona mimi. Mtu angetegemea nimkumbatie. Nilimwonea kinyaa. Nilimwonea kinyaa kwa ile harufu, kwa ujinga wa kuvuta kitu ili hesabu ziingie, kwa kuchukua kitu changu bila kuniambia, na zaidi kwa sababu macho yake yalinipokea kwa furaha.

"Mama. Umekuja wewe."

"Baba yako ana kazi. Lusajo, umenifanya nini?"

"Nimewaambia sisemi," alinong'ona haraka. "Usiogope. Hata kwa viboko sikusema. Niseme nini, niseme ilitoka jikoni kwetu? Watakuita mchawi." Alijaribu kutabasamu. "Nilidhani haitaonekana. Ni kifungu kimoja tu, na kuku walikuwa wazima."

Ningeandika kwamba moyo wangu ulivunjika hapo. Haukuvunjika. Ulitulia. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa amelala siku nane juu ya magunia na majeraha wazi ili jina langu lisichafuke, na nilichosikia ndani yangu kilikuwa kama mtu anayefunga dirisha, akahakikisha komeo, akageuka kutafuta kazi nyingine.

"Wanataka jina," nilisema. "Bila jina hufanyi mtihani."

"Basi nisifanye."

"Taja mpishi."

Alinitazama kama hakusikia vizuri. "Mzee Kihwele?"

"Wanamshuku tayari. Mwalimu Mkuu anamtafutia sababu hata bila wewe. Wewe hutaongeza kitu."

"Mama, yule mzee ananipaka mafuta mgongoni. Anapitisha mkono dirishani, pale, jioni, ananipaka."

"Lusajo, baba yako atakufa kwa aibu."

"Sisemi."

"Basi nyamaza. Nitasema mimi."

Tulirudi ofisini pamoja, yeye nyuma yangu. Nilisimama mbele ya meza, nikaunganisha mikono kama ninavyofanya kanisani, nikasema kwamba mtoto ameniambia mimi, mama yake, kwa siri, na kwamba aliyempa ni mpishi. Nilisema kwa Kiswahili kizuri. Nilitia hata machozi, na yalikuja bila shida. Mwalimu Mkuu alichovya kalamu. "Ni kweli?" alimwuliza Lusajo.

Lusajo alitazama sakafu. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na kila shoka liliposhuka Lusajo alifumba macho kidogo.

"Mama amesema," alijibu.

"Nimeuliza ni kweli?"

"Mama amesema."

Mwalimu Mkuu akameza mate, akaandika ndiyo.

Jumamosi askari wa baraza alikuja, akapekua nyumba ya Mzee Kihwele, akamwaga tumbaku yake chini, akaikanyaga, akawaamuru yeye na mkewe watoke kwenye ardhi ya misheni kabla ya ibada ya kesho yake. Mahindi yao yalikuwa usawa wa kifua, bado hayajachanua. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza la wageni nikimshonea Lusajo kifungo walipopita mbele yangu katika tope, mke ametwika sufuria na jembe, mzee amebeba godoro la manyasi. Alisimama.

"Kamwene, mama. Wamemrudisha mtoto?"

"Wamemrudisha, baba."

"Vizuri. Yule Mwalimu Mkuu amenipata, unaona? Nilijua atanipata kwa unga." Akaliweka godoro sawa begani. "Mwambie Lusajo kidonda cha kushoto asikifunge, akiache kipate hewa."

Na Jumapili tukarudi kundini. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kanisa letu huko juu. Aliyeanguka husimama mbele, mzazi wake pembeni, anasema kosa lake kwa kinywa chake, na ushirika unampokea kwa kumpa mkono. Lusajo alisema kosa lake. Alisema amevuta bangi, ameiaibisha shule na wazazi, anaomba kupokelewa. Hakusema neno moja la uongo. Wangu haukutakiwa kusemwa, ulikuwa umeandikwa tayari kwenye kitabu ofisini. Kisha waimbaji wakaanza, na watu wakapanga mstari kutupa mkono, Mwalimu Mkuu wa kwanza, pumzi yake ya uchachu usoni kwangu, akisema, "Hongera, mama, wewe ni mzazi." Mkono wake ulikuwa na unyevu. Niliushika. Nilishika mikono ya watu mia na zaidi asubuhi ile, na mimi mwenyewe sikumbuki kuona aibu. Nakumbuka njaa. Baada ya ibada walitupa chai na mihogo, chai imeungua, maana alipika mwanafunzi, na nilikula mihogo mitatu.

Mbeya walinipokea kama mtu aliyetoka vitani. Mume wangu alisimulia dukani kwake, akiwa na penseli sikioni, jinsi mkewe alivyopambana na walimu mpaka ukweli ukajulikana. Bombani yule wa sanda alisema mbele ya wote, "Huyu si kambo, huyu ni mama hasa," akanipa nafasi ya mbele. Nilianza kuipenda nafasi ile. Naandika hili kwa sababu wasifu wa watu huwa hausemi jambo kama hili, kwamba kinyaa na raha vinaweza kulala kitanda kimoja. Nilikuwa nikiamka asubuhi na ladha ya chuma mdomoni, nasukutua, naichukua ndoo, na nikifika bombani naongea kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mke wa mchungaji alikuja tena kuomba dawa ya kuku. Nikamwambia, kwa uso mkavu, kwamba vitu hivyo sisi nyumbani kwetu hatuweki. Aliona haya, maskini. Aliomba radhi.

Lusajo hakuandika barua mwaka ule isipokuwa kuomba sabuni. Mwezi wa kumi na mbili, mtihani ulipokwisha na shule kufungwa, nilikwenda kumchukua na sanduku lake. Alikuwa mwanaume kamili. Aliniamkia, akabeba sanduku, na tulipofika njia kuu akaliweka chini.

"Hatuendi Mbeya bado. Tunakwenda kwa Mzee Kihwele. Nimeuliza, anakaa ng'ambo ya mji, mwendo wa saa mbili kutoka barabarani."

"Kufanya nini?"

"Unajua. Usipokwenda, nakwenda peke yangu, na Mbeya sirudi."

Tukaenda. Tulimkuta mzee analima shamba la mtu, mgongo wazi, amekonda hata kiko kinaonekana kikubwa. Alimkumbatia Lusajo, akamgeuza, akafunua shati kutazama makovu, akaridhika. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja cha kuazima. Mkewe alitupikia ugali na mboga ya maboga, akaweka bakuli chini katikati yetu, akaomba radhi kwamba hakuna nyama. Nilikuwa nimemega tonge la pili Lusajo alipoanza kusema. Alisema lote, polepole. Kifungu, kichanja, utepe, stoo, na nilivyosema ofisini. Alisema, "Na mimi nilikaa kimya, baba, kwa hiyo ni sisi wawili." Tonge langu lilikuwa limeshafika mdomoni. Sikujua kama nimeze au niteme. Mke wa mpishi alikuwa ameacha kutafuna, ananitazama mkono.

Mzee Kihwele akalisogeza bakuli upande wangu. "Maliza kula, mama," alisema.

Nikamaliza. Nilikula mbele ya macho yao, tonge baada ya tonge, mboga ikiteleza kooni kama kitu kilicho hai, kwa sababu kuacha chakula cha mtu yule lilikuwa tusi ambalo hata mimi sikuliweza. Walipotunawisha ndipo alipoongea tena. "Mimi nilimlaani Mwalimu Mkuu bure, basi. Kwa hili moja, bure." Akacheka kidogo, bila furaha. "Kazi sitaki, wameshampa mwingine. Nataka kitu kimoja. Mkirudi, shule iko njiani kwenu. Shukeni. Mwambieni yeye na Mchungaji, kwa mdomo, kwamba si mimi. Mke wangu akienda kuuza mboga wanamwita mke wa muuza bangi. Basi, ni hilo tu."

"Tutashuka," nilisema.

"Tutashuka, baba," alisema Lusajo, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nilimwona anatabasamu. Njia nzima ya kurudi barabarani aliongea. Alinieleza maswali ya hesabu yaliyotoka, alinieleza jinsi kiranja alivyoanguka mtoni. Alinipokea hata kikapu. Alikuwa ananirudia, nami nilikuwa natembea nyuma yake nikihesabu. Majibu ya mtihani bado. Kitabu kile ofisini bado kina maneno yangu. Wakijua nilisema uongo, watamfuta mwenye bangi na mama wa bangi, na baba yake atasimamishwa uzee wa kanisa, na bombani, bombani itakuwaje?

Basi lilikuwa limejaa, tulipata kiti cha nyuma. Mvua ilikuwa imeanza upya. Mabati ya kanisa yalipoanza kuonekana kupitia miti, Lusajo alisimama, akashika chuma cha kiti cha mbele.

"Mama, ni pale."

"Naona."

"Nimwambie dereva?"

Nilimshika shati. Sikulivuta, nililishika tu. "Majibu yakitoka," nilisema. "Ukishapata nafasi yako, hawawezi kukunyang'anya. Tutakuja wote, na baba yako. Ni mwezi mmoja, Lusajo. Mwezi mmoja kwa yule mzee ni nini?"

Basi lilipunguza mwendo penye tope, likapunguza kabisa, karibu kusimama, mbele ya njia ya shule. Kondakta alipaza sauti, "Kuna wa kushuka?" Lusajo alikuwa bado amesimama. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Nilitazama mkono wake kwenye chuma, vidole vimekaza mpaka vimepauka, kisha nikaona kimoja kinalegea, na kingine.

"Hakuna," alisema Lusajo. "Twende."

Akakaa. Basi likaongeza mwendo. Nilipumua, na pumzi ile ya ahueni ndiyo ninayoisikia hadi leo kila mtu anaponisifu. Tulikwenda maili nyingi, yeye akitazama nje, mimi nikitazama kisogo chake. Tulipokaribia kushuka Mbeya alinigeukia, na uso wake ulikuwa umetulia, umekaa sawa, uso wa mtu anayeweza kusimama mbele ya watu.

"Baba akiuliza tulichelewa wapi," alisema, "tutasema basi liliharibika."